Postfix au Exim: seva ya barua pepe ipi ikufae?

Kwa uthabiti sioni la kubishania. Zote ni kongwe. Exim ilianzia Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995, Postfix ikatoka IBM mwaka 1998.

Usalama ndipo zinapoachana. Postfix imegawanywa vipande vidogo, kila kimoja na ruhusa chache. Exim ni programu moja kubwa yenye mamlaka ya root (mtumiaji mwenye ruhusa zote kwenye seva), na tundu la usalama lililosajiliwa kama CVE-2019-10149 liliwawezesha wavamizi kuendesha amri kutoka mbali.

Ila ukitaka masharti tata ya kupokea na kuelekeza barua, Exim inaongoza, mradi uvumilie faili lake refu la mipangilio. Kwa Postfix, amri ya `postconf -n` hukuonyesha ulichoweka mwenyewe tu. Raha!

Umekodi seva yenye cPanel (paneli ya kusimamia seva kupitia kivinjari)? Exim imo tayari, isasishe upesi. Unajenga peke yako, huna mtu wa zamu? Postfix.