Unataka kupiga picha za buibui na wadudu kwa karibu? Nunua kwa mpangilio huu

Kila mtu akianza kupenda hizi picha anauliza anunue lenzi gani ya makro (ile ya kupigia vitu vidogo kwa karibu), na mimi jibu langu ni moja: subiri kwanza na lenzi, anza na mwanga. Ukisogea mpaka mdudu aingie kwenye sensa kwa saizi yake halisi, ile inaitwa 1:1, tundu la lenzi likiwa f/8 sehemu inayotoka kali kwenye kamera ya APS-C (yenye sensa ndogo kuliko ya full-frame) haifiki hata milimita moja. Macho ya buibui yametoka safi, miguu yote imepotea. Sasa ukitaka zaidi unafunga tundu hadi f/11 au hapo karibu, giza linaingia, unapandisha ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) picha inajaa punje, unapunguza kasi ya shata alafu kaupepo kadogo tu jani limetikisika, kazi imeharibika.

Kwa hivyo namba moja ni flashi ndogo na difyuza, kile kifuniko cheupe cha kulainisha mwanga. Godox TT350 inatosha kabisa, ni nyepesi na inakula betri mbili tu za AA, lakini angalia herufi ya mwisho kabla ulipe, C ni ya Canon, N Nikon, S Sony, F Fuji, manake ukibeba isiyo yako haitaelewana vizuri na kamera. Iweke nguvu ya chini, mwanga wake unawaka kwa muda mfupi sana kuliko shata ya 1/200 ya sekunde kwa hivyo hata siafu anayekimbia anaganda. Difyuza usinunue, tengeneza: kata kopo jeupe la yogati, ongeza ndani karatasi nyeupe ya kuokea, fika nayo mpaka karibu na mdomo wa lenzi. Usidharau hii hatua. Buibui mrukaji ana macho mawili makubwa mbele yanayong'aa kama kioo, ukimpiga na flashi tupu utaona nukta nyeupe kali imechoma katikati ya jicho, ukiweka difyuza pana nukta inakuwa duara laini na mgongo wake wa manyoya unaonyesha rangi.

Namba mbili, Raynox DCR-250. Ni kalenzi kadogo ka kukuza, nguvu yake dayopta 8, kanakobana mbele ya lenzi yenye uzi wa filta wa milimita 52 hadi 67, kama una ile lenzi ya zumu ya 55-250mm ya kawaida basi ukivuta hadi 250 unapata kama 2:1, mdudu mara mbili ya saizi yake. Utakuwa umbali wa sentimita 12 hivi, inatosha asikimbie. Kwa hela unayotoa sijaona kitu kinaishinda.

Tatu ni tyubu za kurefusha, zile za milimita 12, 20 na 36. Hazina kioo ndani, zinasukuma lenzi mbali na sensa tu. Kwa 50mm ziko sawa sana, ila chukua zenye vidoti vya umeme, zile za bei ya chini kabisa hazina na utashindwa kubadilisha tundu kwa lenzi nyingi za kisasa.

Lenzi ya makro yenyewe naiweka ya nne, na sio eti ni mbaya. Ukiwa na hela na flashi tayari, tafuta kati ya 90 na 105mm, Tamron 90mm ya mtumba ni nzuri, au Laowa 100mm inayofika 2:1. Fupi za 60mm zinakulazimisha usogee mpaka kivuli chako kimfukuze nyuki. Canon MP-E 65mm inaenda kutoka 1:1 hadi 5:1 lakini haina otofokasi na haipigi kitu cha mbali, hiyo ni ya mtu ameshaiva.

Pete ya kugeuza lenzi (ya kuifunga kinyumenyume kwenye kamera) na klipu za lenzi za simu ziko chini kabisa, zinafanya kazi lakini unakaribia mno.

Tripodi achana nayo. Shika kijiti au jani kwa mkono wa kushoto, egemeza lenzi juu ya mkono huohuo, alafu yumba mbele na nyuma polepole badala ya kutegemea otofokasi. Julai asubuhi baridi ikiwa kali pale City Park au msitu wa Karura, Nairobi, wadudu wanakuwa wazito hata kutembea, na kama huwezi kutoka, vidukari kwenye sukuma wiki ya nyumbani wanatosha kujifunzia mwezi mzima.

Ukinunua mtumba, iwe kwenye tovuti ya Jiji au duka la mjini, washa tochi ya simu na umulike ndani ya lenzi kutoka nyuma. Ukiona nyuzinyuzi kama utando hiyo ni fangasi, rudisha. Funga tundu uangalie kama visu vyake (vile vibati vinavyolifunga) vina mafuta, jaribu na kamera yako mwenyewe hapo hapo, na muuzaji akikataa ujaribu, ondoka.