Kozi ya hoteli Lubumbashi: ukumbi imara, mapokezi bado

Kwenye ukumbi wa kulia chakula kozi hii inafundisha vizuri. Mwanafunzi anabeba sahani tatu kwa mkono mmoja, anamimina kinywaji akiwa kulia kwa mgeni, na haondoi vyombo mpaka meza nzima imalize kula. Jikoni wanatumia kipimajoto: friji isizidi nyuzi 5, chakula cha moto kisishuke chini ya 63. Hapo wanastahili pongezi.

Mapokezi ndiyo shida. Wageni bado wanaandikwa kwenye daftari, wakati hoteli zinazopokea watu wa migodi zinatumia kompyuta, na mgeni anataka ankara yenye jina la kampuni yake kabla ya kuondoka. Kiingereza nacho ni kidogo mno! Kabla ya kulipa ada, uliza kama staji (mazoezi ya kazi hotelini) inapitia mapokezi pia, na kama hoteli itakupa barua ya staji yenye saini na muhuri.