Taphon yangu niliikuta imekaliwa

Ngoma yenyewe nzuri. Natanguliza hilo mtu asije akasema nina chuki, maana chuki ninayo na inakuja.

Nilikwenda kuchukua taphon, ngoma ya Kithai yenye ngozi mbili, kubwa na ndogo, niliyoagiza kwenye duka moja la ala hapa Bangkok, nikamkuta kijana wa dukani ameikalia. Ameikalia! Simu mkononi, anakula. Wapo watakaosema, kwani si ngoma tu? Jamani, katika kundi la piphat, yaani kundi la muziki wa jadi wa Kithai, taphon ndiyo inayosimama mahali pa Phra Prakhonthap, mwalimu wa kimungu wa wanamuziki. Huwekewa maua na udi, na ala yoyote hapa hairukwi kwa mguu. Mwalimu wangu huiinamia kwanza, viganja vimekutana, ndipo aiguse. Huyu kaipa makalio.

Nilipomwambia, akajibu bila kunyanyuka: "Si iko ndani ya mfuko?" Mwenye duka akacheka, akanipunguzia bei. Punguzo sikulitaka. (Nililipokea.)

Nyumbani nikafungua mfuko, nikakuta wali mkavu umegandia kwenye ngozi kubwa. Kwa wasioijua: taphon huwekwa sawa kwa donge la wali uliokandwa na majivu, linabandikwa katikati ya ngozi, unaongeza na kupunguza hadi sauti izame panapotakiwa. Sisi tuliozoea kuotesha ngoma moto ili zilie vizuri tunabaki kushangaa. Ila ukimaliza kupiga unalibandua na kufuta, kila mara. Sasa niuzieni akili: ngoma mpya ilikula wali lini? Nikapiga simu. Wakasema "tuliijaribu." Kujaribu gani kunakoacha ukoko?

Nilishaapa kuirudisha. Jioni nikaipeleka kwa mwalimu, akaisugua polepole kwa kitambaa chenye unyevu, akabandika wali mpya, akaanza Sathukan, ule wimbo wa heshima unaofungua shughuli. Mkono mmoja unaita, mwingine unajibu, na ule mlio mzito wa ngozi kubwa ukanipita kifuani. Nikanyamaza. Siirudishi ng'o.

Kwa hiyo nyota tano? Tano za ngoma, na fundi aliyeiwamba Mungu ampe maisha marefu. Duka halina hata moja. Basi, moja, kwa sababu bei zao kweli ziko chini kuliko kwingine. Lakini yule kijana, hapana, hiyo moja naiondoa. Mkienda, msilipe kabla hamjapitisha ukucha kwenye ngozi kubwa, na mumwambie ainuke.