TAHADHARI: jamaa wa safari za hifadhi ya milima ya Udzungwa katupiga laki tano na sabini, na mahema juu

Sikutaka kuandika. Tangu Saba Saba nimekaa kimya kwa aibu, na mlionipigia mkasikia nasema tu "tumerudi salama", mnisamehe. Lakini jana dada mmoja kaniuliza kama yule kijana aliyetuongoza ni mwaminifu, maana anataka kumkabidhi watoto wake Nane Nane. Nikaona basi, aibu yangu si kubwa kuliko hiyo.

Siku mbili za mwanzo hazina neno, picha mmeziona. Mambo yaliharibika jioni ya siku ya pili pale Mang'ula, kwenye geti la hifadhi. Tumeshuka maporomoko ya Sanje, miguu imevimba, umeme umekatika, sisi sita tumebanana kwenye benchi la mama lishe tunasubiri ugali na perege. Kesho yake tulikuwa tunaanza kupanda kilele cha Mwanihana, kilomita 38, siku tatu, kulala msituni mara mbili. Yaani hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe, Sanje tulikuwa tunanyoosha miguu tu.

Jamaa akaja anahema, tochi ya simu inawaka. "Dada, kuna mabadiliko." Eti ada ya kambi na ya askari wa bunduki sasa hailipwi pamoja na kiingilio, ni 95,000 kila mtu, mfumo unafungwa saa mbili usiku, tukichelewa nafasi wanapewa Wazungu waliofika mchana. Akanionyesha ujumbe wenye namba ya malipo. Nikasema nilipe mwenyewe. Nikaingiza, ikakataa. Nikaingiza tena, Mwalimu, mmoja wetu, ananimulikia, ikakataa. Jamaa akasema kwa upole kabisa, "Mtandao wa huku ndivyo ulivyo dada yangu, mtumie mhasibu wa geti, yeye atawaingizia." Akanisomea namba ya simu. Nikaandika. Ikaja jina la mwanamke, majina mawili ya mtu wa kawaida, hakuna hifadhi hapo wala serikali. Nililiona. Nililisoma kwa sauti! Akasema, "Huyo huyo." Nikaweka namba ya siri. 570,000. Perege akaletwa, tukamkaribisha jamaa, akanawa, akaomba kichwa. Nikampa changu.

Sasa mimi ni wakala wa pesa za simu, wengi mnanijua. Pale kibandani nimebandika karatasi kwa mkono wangu: HAKIKI JINA KABLA YA KUTUMA. Tangu turudi Shemeji ananiita Hakiki Jina, na sina cha kumjibu.

Ila kabla hamjanicheka, mngekuwepo. Huyu hakuwa kishoka wa stendi. Begi la bi harusi mtarajiwa wa kundi letu alilibeba yeye tangu kiatu cha bi harusi kilipomsaliti njiani. Kila mzee njiani anamwamkia, na kila mzee anamwitikia "marahaba mwanangu", nikajua ni mtoto wa pale. Tulipokuwa juu ya maporomoko, mita 170 maji yanashuka na mashamba ya miwa yote ya Kilombero unayaona kule chini, alitunyamazisha kwa kidole. Tukasikia ngolaga wakiita. Akatueleza kima hao wako Udzungwa peke yake duniani, wanasayansi wamewafahamu 1979 wakati wenyeji walikuwa na jina lao siku zote. Mtu anayejua mpaka hayo, wewe ungemwomba leseni?

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu tuko geti. Saa moja. Saa mbili. Simu yake haipatikani. Mhifadhi akafungua kompyuta: tumelipiwa siku moja, ya Sanje. Kambi hakuna, askari hakuna, hiyo ada mpya nayo hakuna. Nikampa ule ujumbe, akaanza kucheka, akaacha alipoona machozi. Namba ya malipo ya serikali ina tarakimu 12. Ile ilikuwa na 10. Mimi, ambaye namba hizo nawaingizia wateja kutwa!

Mahema mawili ya kukodi alikuwa ameyachukua usiku uleule, "kukagua zipu". Wale wazee nilirudi kuwauliza. Wanasema kijana akikuamkia utaacha kumwitikia? Kwao hakuna anayekujua.

Kwenye akaunti yake picha ni za misitu na migongo ya wateja, sura yake hamna hata moja. Malipo ya kwanza alitupa namba moja, ya pili nyingine. Na kila nikisema nipige ofisi ya hifadhi alikuwa na sababu. Sikumbuki vizuri mengine, hasira zinanipanda. Mtu wa hivi kufungwa ni kumpumzisha. Apandishwe Mwanihana peku, abebeshwe mizigo yetu sita, ale ugali mkavu, na kichwa cha perege akione kwa macho tu.

RB ya polisi ninayo, huyo mwanamke wa namba ya simu polisi wana jina lake. Wenzangu nimeanza kuwarudishia kidogo kidogo, msiniandikie tena kuhusu hilo kwenye kundi.

Mahema yana dhamana yangu Morogoro na mwenyewe anapiga kila asubuhi. Moja la kijani, lina kiraka cha kitenge chekundu karibu na zipu ya mlango. La pili la bluu, limepungukiwa kamba mbili. Ukiliona linauzwa au limepigwa mahali, piga picha unitumie, usimwambie kitu aliyenalo.