Otomesheni ya kazi bila kuandika programu: ulipie ipi kati ya Make, Zapier, n8n na wenzake

Hii ni kwa timu ndogo, watu wanne watano hivi. Tuseme mna duka la printi, mabango, tisheti na kadi za harusi, oda zinaingia kwa Google Forms, kazi zinapangwa Trello, bosi yeye anataka kila kitu akione kwenye Google Sheets, alafu kuna mtu mmoja kila jioni anakaa ananakili jina la mteja, saizi na tarehe ya kuchukua toka huku kwenda kule. Hiyo kazi ya kunakili ndo tunataka iondoke, na programu za kuiondoa zipo nyingi na karibu zote zinafanya kitu kilekile: kitu kikitokea kwenye apu moja, inafanya kitu kwenye nyingine. Tena nyingi zinafanya kwenye seva zao huko mtandaoni, kwaiyo hata laptopu yako ikizima au bando likiisha kazi inaendelea.

Sasa watu wengi wanachagua kwa kuangalia bei ya mwezi tu, na hapo ndo wanapopigwa, maana kila kampuni inahesabu matumizi kivyake na bila kujua inahesabuje hiyo bei haikuambii kitu.

Chukua oda moja ya hapo dukani: fomu inajazwa, kadi inatengenezwa Trello, mstari unaongezwa kwenye Sheets, mteja anatumiwa barua pepe. Zapier inahesabu kila kitendo kilichofanyika ila tukio la kuanzia haihesabu, kwaiyo hapo ni 3. Make inahesabu kila hatua pamoja na ile ya kuanzia, kwaiyo 4, na toka 2025 wanaziita kredito. n8n wao wanahesabu safari nzima kama 1 hata iwe na hatua ishirini. Oda ileile moja, hesabu tatu tofauti, na ndo maana mtu anaweza kusema Zapier ni ghali mwenzake akasema mbona yangu inanitosha na wote wawili wako sahihi.

Kabla hujalipia chochote, namba moja kwenye orodha yangu ni otomesheni iliyomo tayari ndani ya apu unayotumia. Trello wana Butler, waliinunua 2018, na kwenye akaunti ya bure unapata mara 250 kwa mwezi kwa workspace nzima, yaani bodi zote za timu kwa pamoja. Unaiambia kadi ikihamia listi ya "Tayari" iweke tiki kwenye tarehe, imuondoe fundi, iandike komenti ya kumtaja mtu wa kaunta. Asana na ClickUp, ambazo nazo ni apu za kupangia kazi kama Trello, wana Rules na Automations zao, wazo ni lilelile ingawa kiasi unachopewa kinategemea mpango uliopo. Kama shida yako yote iko ndani ya bodi moja, ishia hapo, pesa yako ibaki mfukoni. Butler inaanza kuishiwa nguvu pale unapotaka kutoka nje ya Trello kwenda Sheets au kwenye fomu.

Ukishatoka nje, namba mbili kwangu ni Make, na kwa timu nyingi ndogo hii ndo ya kulipia. Zamani ilikuwa inaitwa Integromat, ya Wacheki wa Prague, jina lilibadilika 2022. Unaona mtiririko wote, yaani hatua zote toka tukio la kuanzia mpaka la mwisho, kama mchoro, miduara imeunganishwa na mistari, ukibonyeza mduara unaona data gani iliingia na gani ilitoka, na hilo likitokea kosa linakuokoa muda mwingi sana kwa sababu unaona palipokwama kwa macho yako. Bure wanakupa kredito 1,000 kwa mwezi na mitiririko miwili inayofanya kazi, mpango wa kwanza wa kulipia ni karibu dola 10 kwa mwezi na unapata 10,000, hakuna anayekaribia hapo kwa bei hiyo kati ya hizi kubwa za mtandaoni.

Ila kuna kitu lazima ukijue kabla. Make ikienda kuchungulia kama kuna oda mpya, kule kuchungulia kwenyewe kunahesabiwa hata kama imekuta hakuna kitu. Ukiiweka ichungulie kila dakika 15 hiyo ni mara 96 kwa siku, mara 2,880 kwa siku 30, yaani zile 1,000 za bure zimeisha kabla ya katikati ya mwezi na hujapata oda hata moja! Dawa ni mbili, uchague matukio ya kuanzia yaliyoandikwa INSTANT ambayo apu yenyewe ndo inaisukumia Make taarifa, au uiwekee ratiba ichungulie kila saa moja na muda wa kazi tu. Duka likifungwa saa kumi na mbili jioni hakuna haja ya kuchungulia saa nane usiku.

Zapier naiweka ya tatu, na sio kwamba ni mbaya, kwa urahisi hakuna anayeifikia. Ina apu zaidi ya 7,000, na kama unatumia kaprogramu fulani ka uhasibu au ka malipo ambako hakajulikani sana, uwezekano mkubwa utakakuta Zapier tu. Kuchungulia haihesabu. Shida ni bure yake, vitendo 100 kwa mwezi na mtiririko wa hatua mbili tu, yaani tukio moja na kitendo kimoja, kwaiyo ile oda yetu yenye vitendo vitatu haiingii kwenye mtiririko mmoja mpaka ulipie, na kulipia kunaanzia kama dola 20 kwa mwezi ukilipa mwaka mzima, unapata 750. Gawanya kwa 3 ni oda 250. Kwa duka lenye oda kumi kwa siku hiyo inabana. Mimi ningeilipia pale tu ambapo anayesimamia ni mtu asiyetaka kabisa kuhangaika na michoro.

n8n ni ya nne kwenye orodha ila kama kwenye timu kuna kijana anayeijua Docker, ile programu ya kuendeshea programu nyingine kwenye seva, basi ipandishe mpaka juu kabisa. Imeanzia Berlin 2019, unaweza kuiweka kwenye seva yako mwenyewe bila kulipia leseni kwa matumizi ya ndani ya biashara yako, unalipia seva tu. Uzuri mwingine ni kwamba mtiririko wenyewe na kumbukumbu zake vinakaa kwako, na hili kwa kliniki, shule au saccos ni kitu kikubwa kwa sababu Kenya ina sheria ya kulinda data toka 2019 na Tanzania ilipitisha ya kwake 2022, na majina na namba za simu za watu sio vitu vya kusambaza ovyo. Lakini masasisho ni juu yako, bakapu juu yako, seva ikilala usiku ni wewe wa kuiamsha. Bila huyo kijana, iache.

Unito ya Montreal inafaa kwa shida moja mahsusi: nyie mko Trello, mteja mkubwa yuko Asana, na mnataka kadi zifanane pande zote. Ukijaribu hilo kwa mitiririko miwili ya kawaida inayoelekeana unapata kitanzi, kadi ya Trello inazaa kazi Asana, ile kazi inazaa kadi nyingine Trello, na inaendelea hivo mpaka kiasi chako kiishe. Unito imetengenezwa kwa hilo. Kama hutaki kuilipia, weka lebo ya "imetoka Asana" kwenye kila kadi iliyozaliwa na otomesheni, alafu weka kichujio kizuie zenye lebo hiyo.

Ofisi yenu ikiwa tayari inalipia Microsoft 365, jaribuni kwanza Power Automate, otomesheni ya Microsoft wenyewe, kwa Planner, To Do, Outlook na Teams mara nyingi imo tayari kwenye leseni. IFTTT naiweka mwisho, bure ni mitiririko miwili na ni ya mambo binafsi zaidi, sio ya timu.

Vitu viwili vya kuseti siku ya kwanza yoyote utakayochukua. Saa za akaunti ziwe Africa/Nairobi au Africa/Dar_es_Salaam, kwa sababu ikibaki UTC, saa ya kimataifa, iko nyuma yetu saa tatu na kazi ya saa nane usiku wa kuamkia tarehe 10 inaweza kuandikwa tarehe 9. Na malipo ni dola kwa kadi, walio Kenya wanaweza kutumia kadi ya M-Pesa GlobalPay, ila anza kulipa mwezi kwa mwezi kwanza hata kama mwaka una punguzo, uone kiasi halisi mnachotumia ndo uamue.