Seti ya Kwanzaa ya dukani: nyumbani inatosha, ukumbi wa chuo unaishinda

Seti za Kwanzaa, sherehe ya Wamarekani weusi ya siku saba ambayo kila siku ina nguzo yake yenye jina la Kiswahili, zinazouzwa Marekani zikiwa ndani ya kasha zimepimwa kwa meza ya familia. Chama cha wanafunzi weusi kikinunua moja kwa ajili ya ukumbi mzima, kitagundua kwamba nusu ya vilivyomo ni vidogo mno na kile cha maana kuliko vyote, kinara, ndicho kilichobaniwa gharama. Humo ndani mara nyingi mna kinara, mishumaa saba, mkeka, kikombe cha umoja, mahindi makavu, bendera na karatasi ya maelezo. Tumevipima kwa mahitaji ya kamati ya wanafunzi, wakiwemo wale wa Afrika Mashariki ambao Desemba ikifika huombwa waje wasome Kiswahili jukwaani.

Tangu Maulana Karenga, msomi Mmarekani mweusi, aanzishe Kwanzaa mjini Los Angeles mwaka 1966, siku zake ni 26 Desemba hadi 1 Januari. Wakati huo mabweni yamefungwa, kwa hiyo vyuo vingi huitangulia mapema mwezi huo na kuwasha mishumaa yote saba usiku mmoja. Hesabu ya nta inabadilika hapo. Nyumbani mshumaa mweusi unawashwa siku zote saba na wa mwisho siku moja tu. Mshumaa wa inchi 10 wenye unene wa milimita 22 huungua takriban inchi moja kwa saa, hivyo mweusi unavumilia saa moja kila jioni hadi mwisho. Ukumbini hakuna unaowaka zaidi ya saa mbili, na mishumaa ileile inaweza kurudi mwaka unaofuata.

Sasa kinara. Vya bei rahisi ni ubao mwembamba wenye matundu saba yaliyotobolewa bila kujali unene wa mishumaa iliyo kasha hilohilo. Tundu likiwa pana, mshumaa unainama, na nta inamwagika upande mmoja. Zungushia kitako chake kipande cha foili, au dondoshea nta ya moto ndani ya tundu kisha uusimamishe hadi nta igande. Ukibana, chovya kitako kwenye maji ya moto kwa nusu dakika, usiulazimishe, maana ubao mwembamba hupasuka kwa kufuata nyuzi zake. Angalia pia nafasi. Chini ya sentimita nne kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya jingine, mishumaa inayowaka pamoja huyeyushana. Tano ndiyo salama, maana yake kinara chenyewe kiwe na urefu wa sentimita 35 hivi. Na tundu liwe na kikombe cha bati au shaba ndani. Mbao tupu itashika moto mshumaa ukiachwa hadi chini, kwa hiyo uzime ukibakiza sentimita tano.

Hesabu matundu kabla ya kulipa. Duka lisilojua tofauti linaweza kukuuzia menora, kinara cha sikukuu ya Kiyahudi ya Hanukkah, ambayo ina nafasi tisa, na vijishumaa vyake vyembamba havisimami kwenye kinara.

Karatasi za maelezo hazikubaliani juu ya kuwasha. Kwa mpangilio wa Karenga mweusi uko katikati kwa ajili ya Umoja, nguzo ya kwanza, myekundu mitatu kushoto, ya kijani mitatu kulia, na baada ya mweusi unapokezana: mwekundu wa Kujichagulia, wa kijani wa Ujima, mwekundu wa Ujamaa, wa kijani wa Nia, mwekundu wa Kuumba, wa kijani wa Imani. Ukimaliza myekundu yote kwanza, kama karatasi nyingine zinavyoelekeza, msomaji atatamka Ujima huku mwenzake akiwasha mshumaa wa Ujamaa. Wapange wasomaji saba, kila mmoja dakika tatu, na wote watumie kiberiti kimoja cha gesi chenye shingo ndefu. (Ukumbi ukiulizwa "Habari gani?" jibu ni nguzo ya siku. Mgeni kutoka Tanga atasema "nzuri", wasimcheke.)

Mkeka wa ndani ya kasha ni aibu: kitu cha kuwekea sahani, tena mara nyingi vijiti vya mianzi vilivyoshonwa mashineni. Meza ya kukunja ya ukumbini ina urefu wa futi sita. Tafuta mkeka wa ukili unaoifunika karibu yote, lakini weka sinia la chuma chini ya kinara, kwa sababu ukindu mkavu hauhitaji zaidi ya cheche.

Kikombe kitumike kwa tambiko tu, maji yakimwagwa kwenye chungu cha mmea. Kama ni cha mbao isiyopakwa dawa salama kwa chakula kitavuja na kuchukua harufu, na kukipitisha midomoni mwa ukumbi mzima hakufai hata kama kingekuwa cha fedha. Wageni wanywe kwenye vikombe vya karatasi.

Kikwazo kikubwa hakimo kwenye kasha: vyuo vingi vinakataza moto wa wazi bwenini, na ukumbini vinataka kibali. Omba kwa maandishi mapema. Kikikosekana, mishumaa ya betri inafaa, ila mingi ni myeupe. Ipake rangi ya akriliki kiwiliwili tu, ukiacha ncha inayotoa mwanga.

Bendera ndiyo isiyo na lawama. Nyekundu, nyeusi na kijani ni rangi za UNIA, jumuiya ya watu weusi ya Marcus Garvey, tangu 1920, na itafaa tena Februari, Mwezi wa Historia ya Weusi, ambao wanafunzi weusi wa chuo cha Kent State walianza kuuadhimisha mzima mwaka 1970, badala ya wiki iliyoanzishwa na mwanahistoria Carter G. Woodson mwaka 1926. Kinara kibaki kabatini mwezi huo, kina msimu wake.

Ushauri wetu ni kuliacha kasha. Agiza kinara kizito kwa fundi mweusi aliye karibu na chuo, mishumaa inunuliwe kando, mahindi sokoni. Nguzo ya Ujamaa katika Kwanzaa inahusu hasa kujenga biashara zetu wenyewe, na Chuo Kikuu cha Cornell kina bweni lenye jina hilo tangu 1972, kwa hiyo kamati itaulizwa ilinunua wapi. Baada ya sherehe gandisha nta kwa barafu kisha uikwangue kwa kadi ya plastiki, laza mishumaa bapa mbali na kipasha joto, na mahindi yakae siku nne kwenye friza kabla ya kufungiwa kwenye mkebe, la sivyo fukusi watahamia kwenye mkeka.