Solr na Nutch kwa utafutaji wa ofisini: uzoefu wangu hapa Tanga

Ofisi yetu iko Chumbageni na kazi yetu ni mkonge. Nyaraka za ndani zilikuwa tayari kwenye Apache Solr, programu ya kutafuta ndani ya nyaraka, lakini mtu akitaka kanuni ya forodha au bei mpya ilibidi afungue tovuti sita, moja moja. Mwezi uliopita nikaongeza Apache Nutch: inazungukia tovuti za nje, inasoma kurasa na kuzipeleka Solr ziingie kwenye faharasa. Programu zote mbili ni za bure. Mimi zilinichukua siku tisa.

Kusimika ni kazi ya asubuhi moja. Kazi yenyewe ni kuiwekea mipaka. Usiku wa kwanza sikuandika vizuri faili la kuchuja anwani, ikafuata kila kiungo ilichokutana nacho. Kulipokucha nikakuta maelfu ya kurasa za matangazo ya magari. Nikafuta zote na kuruhusu tovuti zile sita tu. Mwenye tovuti akikataza sehemu kupitia robots.txt, faili linaloziambia programu kama hizi zisiingie wapi, Nutch haiigusi, na mimi naona ndivyo inavyostahili.

Zilizonitesa ni PDF. Kuna kikomo cha ukubwa, http.content.limit, faili likizidi hapo linakatwa, na PDF iliyokatwa haisomeki. Majedwali makubwa ya ushuru yalikuwa hayamo, nami sikujua mpaka mama wa masjala aliponiuliza mbona hayaoni. Nikapandisha kikomo, yakaingia. Angalia pia muda wa kurudia ukurasa: usipougusa ni siku 30. Kwa kanuni unatosha, kwa bei hapana, nikaweka siku moja.

Halafu Kiswahili. Solr ina kanuni za kunyambua maneno, yaani kuyarudisha kwenye shina lake, kwa lugha nyingi, ila za kwetu itabidi ujitengenezee. Bila hivyo ukiandika “safirisha” huoni “usafirishaji”. Nikakaa jioni mbili na wazee waliofanya kazi korona, yaani kiwanda cha kuchakata mkonge, wakanitajia maneno ya shambani na mimi nikayaandika kwenye faili la visawe. Sasa ukitafuta katani, mkonge nao unakuja. Sehemu hii niliipenda kuliko zote, na ndiyo watu wa ofisini walioishukuru zaidi.

Naipa nyota nne. Ya tano inasubiri nyaraka za zamani zilizopigwa skana, ambazo kwa faharasa bado ni picha tupu. Tesseract, programu ya kusoma maandishi yaliyo kwenye picha, nimeshaisimika, naijaribu wiki hii.